INJINI IKIZIMA ANGANI, NANI AJIBU?

Mkaaji wa Kakonko, wa Kibondo au wa Kasulu aliyekwisha pata umri wa utu uzima haijui ndege ndogo kwa kusimuliwa. Aliisikia mwaka 1993, wakati Warundi kwa maelfu walipovuka mpaka kuja kutafuta usalama katika nchi yetu. Aliisikia tena kuanzia mwaka 2015, pale kambi za Nduta na Mtendeli zilipofunguliwa kuwapokea wakimbizi wapya. Ndege hizo zilitua juu ya vumbi la Kibondo na la Kasulu zikileta waganga, dawa, maofisa na watu wa misaada, na mara nyingine zikaondoka na mgonjwa ambaye asingeistahimili barabara. Kambi ya Mtendeli, iliyokuwa katika Wilaya ya Kakonko, ilifungwa mwaka 2021, na barabara ya Nyakanazi mpaka Kasulu siyo tena lile jaribu la mvua na matope tulilolizoea. Walakini nyanda zetu za juu ziko mbali na miji mikubwa, na ambako hospitali kubwa iko mbali, ndege ndogo haitaacha kuhitajiwa.

Twataka leo kuzungumza na wanachama na wafanyakazi juu ya jambo moja ambalo abiria wa ndege hiyo haliulizi, wala hana nafasi ya kuliuliza. Anapopanda, humtazama rubani, humwomba Mungu, akafunga mkanda. Haulizi ni nani aliyeitengeneza ile kabureta iliyo ndani ya injini, ilitengenezwa mwaka gani, imefunguliwa mara ngapi, na skrubu zake zilikazwa na nani. Wala hatumlaumu, hata sisi hatuulizi. Lakini iwapo kabureta hiyo ina kasoro tangu kiwandani, na injini ikazima juu ya msitu, ni nani atakayejibu mbele ya mjane na yatima? Rubani amekufa. Mwenye ndege atasema alinunua kipuri halali chenye hati. Fundi atasema alifuata kitabu. Mtengenezaji yuko ng'ambo ya bahari.

Sisi twasema mtengenezaji hana budi kujibu, na ajibu hapa hapa nchini, mbele ya mahakama zetu. Twasema pia kwamba sheria zetu za leo hazilisemi jambo hilo kwa uwazi upasao.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini tunang'ang'ania vipuri vya ndege, na hali vipuri vibovu viko kila mahali, tangu pikipiki ya bodaboda mpaka trekta. Gari likizima kwenye mlima, utingo huruka chini akaweka jiwe nyuma ya tairi, dereva akafungua boneti, na abiria wakashuka kunyoosha miguu. Ndege haina utingo, na mawingu hayana jiwe. Ndege ndogo nyingi zina injini moja tu, na kubwa kati ya hizo si kubwa kuliko injini ya lori. Ndani yake mna kabureta, au pampu yenye kazi kama hiyo, ichanganyayo mafuta na hewa. Mna silinda na pistoni. Mna ule mhimili wa chuma ambao mafundi wetu huuita kranki, upokeao nguvu za pistoni zote na kuzungusha panga la mbele. Kabureta ikivuja, injini hukosa nguvu au hushika moto. Kranki ikikatika, panga husimama, na kilichobaki ni ustadi wa rubani na bahati ya kupata uwanda.

Mwezi Julai 2005, katika jimbo la North Carolina, Marekani, ndege aina ya Cessna 172 ilianguka muda mfupi baada ya kuruka, na rubani wake akafa. Injini ilikuwa ya kampuni ya Lycoming, ya mwaka 1969, na mwaka 2004 ilikuwa imefumuliwa na kuundwa upya kwa ile kazi ambayo mafundi huiita ovaholi, ikafungwa kabureta kulingana na mchoro uliothibitishwa. Mjane wake alishitaki. Alidai kwamba namna kabureta ile ilivyobuniwa kufungwa iliruhusu skrubu kulegea kwa mtikisiko wa injini, na mafuta yakavuja. Waliomjibu hawakuishia kusema kwamba kipuri kilikuwa kizima. Walisema pia kwamba mchoro wa injini ulikwisha pata cheti cha Serikali ya Marekani, na kwa hiyo hapana mahakama ya jimbo iwezayo kuuhukumu kwa sheria zake.

Msomaji ayapime maneno hayo. Maana yake ni kwamba ofisa wa Serikali akisha tia muhuri, mlango wa mahakama umefungwa. Mwaka 2014 mahakama ya kwanza iliyakubali kwa sehemu kubwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Philadelphia iliyakataa, ikisema cheti ni kiwango cha chini ambacho mtengenezaji hana budi kukifikia, wala si kinga dhidi ya madai ya watu walioumia. Shauri likarudi chini, likafutwa mara ya pili kwa hoja nyingine iliyofanana na ya kwanza, na mwaka 2018 mahakama ile ile ya rufaa ikalifufua tena. Miaka 13 ilikuwa imekwisha pita tangu mazishi, na bado watu walikuwa wakibishana kama mjane huyo ana haki ya kusikilizwa, achilia mbali kushinda. Hiyo ni Marekani, nchi yenye mawakili wengi kuliko wajenzi. Tumfikirie sasa mama wa Kakonko.

Kisa cha pili kinawahusu wafanyakazi hasa. Mwaka 2002 kampuni hiyo hiyo ya Lycoming iliamuru kranki nyingi za injini zake za silinda 6 zifunguliwe na kuondolewa, kwa sababu zilikuwa zikikatika angani, na watu walikuwa wamekufa. Jamii hiyo ya injini ndiyo iendeshayo baadhi ya Cessna 206 za matoleo ya karibuni, na 206 ni ndege ambayo mtu wa viwanja vya vumbi katika Afrika Mashariki anaifahamu kama anavyoifahamu Land Rover. Nani alaumiwe? Lycoming ilikinyoshea kidole kiwanda kidogo cha kufua chuma katika mji wa Navasota, jimbo la Texas, kilichokuwa kikifua kranki hizo kwa agizo lake. Ilisema wafua chuma walikitia chuma moto kupita kiasi. Kiwanda kile hakikunyamaza, kilikwenda mahakamani. Mwaka 2005 raia wa kawaida wa Texas walioketi kuwa juri, baada ya kusikia ushahidi wa wataalamu wa madini, waliamua kwamba kosa halikuwa la tanuri wala la nyundo. Kosa lilikuwa katika mapishi ya chuma chenyewe, kwa kuwa Lycoming ilikuwa imeagiza kiongezwe madini ya vanadi. Juri ikaamua kiwanda kilipwe fidia ya dola milioni 96, sehemu kubwa yake ikiwa ni adhabu kwa udanganyifu.

Twalikumbusha jambo hili kwa makusudi. Kipuri kinapovunjika, lawama hushuka chini kama maji ya mvua. Hutoka kwa aliyechora, ikamfikia aliyefua. Hutoka kwa aliyefua, ikamfikia aliyefunga. Na mwisho wake humkalia fundi wa mwisho, yule aliyeweka sahihi katika kitabu cha injini jioni ile akiwa na bisibisi mkononi. Asipopatikana fundi, yuko rubani, na rubani aliyekufa hana wakili. Sheria ya kumshitaki mtengenezaji humsaidia yule aliyeumia, na humsaidia pia mfanyakazi, kwa sababu huilazimisha lawama ipande ngazi mpaka juu na kukaguliwa kila kipandio. Wafua chuma wa Navasota wasingekuwa na mahakama ya kwenda, mpaka leo dunia ingesema wao ndio waliowaua watu wale.

Sasa turudi nyumbani, kwa njia ya Uskochi, kwani ndiko sheria yetu ilikopitia. Mwaka 1928 mwanamke mmoja katika mji wa Paisley alikunywa soda ya tangawizi aliyonunuliwa na rafiki yake, na katika chupa akadai kuona mabaki ya konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na mwenye duka, maana hakulipa yeye. Wala hakuwa na mkataba na kiwanda. Mwaka 1932 majaji wa juu wa Uingereza waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kumwangalia mtumiaji wa mwisho, hata kama hawajaonana wala kupeana fedha. Kanuni hiyo ya konokono ndiyo ambayo mahakama za nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, yetu mojawapo, zimekuwa zikiifuata. Ni kanuni njema, lakini ina mwiba: mlalamikaji lazima athibitishe uzembe. Kwa chupa ya soda si kazi ngumu. Kwa kranki iliyofuliwa ng'ambo, kwa mapishi ya siri ya kiwanda, ni sawa na kumwambia mtu aingie chumba kilichofungwa akatafute sindano gizani.

Ni Uskochi huko huko ambako ndege ndogo ya Piper ilianguka mwezi Julai 1976 na kuwaua watu 6. Ndege ilitengenezwa Pennsylvania, na mapanga yake Ohio. Ripoti ya kwanza ya wachunguzi wa Uingereza ilidokeza hitilafu ya mitambo. Mtengenezaji wa mapanga akaomba ripoti ipitiwe upya. Jopo likakaa siku 9, likasema halikuona ushahidi wa kipuri kibovu, na kwamba huenda rubani alikuwa na sehemu yake katika ajali. Mwakilishi wa familia akapeleka madai Marekani, kwa sababu huko mlalamikaji hakulazimika kuthibitisha uzembe. Ilimtosha kuonyesha kwamba bidhaa ilikuwa na kasoro iliyoleta madhara. Mwaka 1981 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikasema: nendeni mkashitaki kwenu Uskochi. Ikaongeza kwamba mgeni anayechagua mahakama ya Marekani hapewi uzito sawa na mwenyeji, na kwamba sheria ya kwao kuwa na manufaa machache kwake si sababu kubwa ya kumpokea.

Hapo ndipo penye fundo la maneno yetu. Wako watu wasemao, "Yanini kusumbuka na sheria ya hapa? Ajali ikitokea, watu watashitaki Marekani, huko ndiko kwenye fedha." Ni kweli kwamba baada ya ndege ya Ethiopia aina ya Boeing 737 MAX kuanguka mwezi Machi 2019 na kuwaua watu 157, wakiwamo Wakenya 32, familia nyingi zilifika mahakama ya Chicago, na mwaka 2021 Boeing ilikubali kubeba dhima. Lakini ile ilikuwa ajali iliyotikisa dunia nzima, ya ndege ya aina iliyokwisha anguka miezi michache kabla. Ndege ya watu 5 ikianguka kati ya Kibondo na Kigoma haitatikisa dunia. Wakili wa mtengenezaji atasimama Pennsylvania au Kansas, atafungua kitabu cha mwaka 1981, na kusema: nendeni mkashitaki kwenu. Basi huko "kwenu" ndiko tunakopaswa kutengeneza sisi, maana hapana mtu mwingine atakayetutengenezea.

Je, kwetu tuna nini? Tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye sehemu ihusuyo wajibu wa watengenezaji na sehemu ihusuyo usalama wa bidhaa. Ni sheria nzuri, na Tume ya Ushindani imeitumia pamoja na Sheria ya Alama za Bidhaa kupambana na bidhaa bandia. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa kumfikiria mnunuzi: mtu aliyekwenda dukani, akatoa fedha, akapewa kitu kibovu. Abiria wa Kibondo hakununua kabureta. Mgonjwa aliyebebwa kwa machela hakununua hata tiketi. Ipo pia sheria iwaruhusuyo ndugu wa marehemu kudai fidia ya kifo kilichosababishwa na kosa la mtu mwingine. Nayo humrudisha mjane kwenye mwiba ule ule wa kuthibitisha uzembe. Uskochi wenyewe uliung'oa mwiba huo pamoja na Uingereza yote kwa sheria ya mwaka 1987, iliyomfanya mtengenezaji ajibu kwa bidhaa yenye kasoro bila ya aliyeumia kulazimika kuthibitisha uzembe. Wenye konokono wao walikwisha songa mbele. Sisi bado tumeishika chupa.

Taifa letu halina haja ya kuazima mfano kutoka mbali ili kujua injini mbovu ina gharama gani. Ndege za Airbus A220-300 za Shirika letu la Ndege, ATCL, zenye injini za Pratt & Whitney aina ya PW1500G, zilikaa chini kwa muda mrefu mwaka 2022 na 2023. Tatizo halikuwa la marubani wetu wala la mafundi wetu; mashirika ya Uswisi, Latvia na Misri yenye ndege kama hizo yalipata taabu ile ile. Kwa taarifa za Mkaguzi Mkuu, hasara ya ATCL ilitoka shilingi bilioni 35.24 mwaka 2021/22 ikafika shilingi bilioni 56.64 mwaka 2022/23, na kusimama kwa ndege hizo ni miongoni mwa sababu. Shukrani kwa Mungu hapana aliyekufa. Lakini tutazame tofauti: shirika la umma lina mkataba na mtengenezaji, lina wanasheria, lina Serikali nyuma yake, na bado ilikuwa kazi kubwa. Mkulima wa mihogo wa Kakonko aliyempoteza mwanawe muuguzi katika ndege ndogo hana mkataba, hana wakili, na ili afike Mahakama Kuu hana budi kupanda basi mpaka Kigoma mjini.

Tena kuna jambo la muda. Kwa Sheria ya Ukomo ya nchi yetu, madai ya namna hii hufa baada ya miaka 3. Kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, madai ya abiria wa safari ya kimataifa dhidi ya mchukuzi hufa baada ya miaka 2. Saa hiyo huanza kugonga wakati familia ingali matangani. Nayo familia itashitaki kwa ushahidi gani? Mabaki ya ndege yako mikononi mwa wachunguzi. Kitabu cha kumbukumbu za injini kiko mikononi mwa wachunguzi. Kwa taratibu za kimataifa za uchunguzi wa ajali, nchi iliyotengeneza ndege ina haki ya kuleta mwakilishi wake, naye aweza kufuatana na washauri kutoka kiwanda chenyewe. Hatusemi ni jambo baya. Hapana aijuaye injini kuliko aliyeiunda. Ila tunaona kwamba mwenye kiwanda amekaa ndani akitazama chuma kilichokatika kwa darubini, na mwenye msiba amekaa nje akisubiri ripoti. Taratibu hizo zinataka ripoti ya mwisho itolewe kwa umma upesi iwezekanavyo, na ikiwezekana ndani ya miezi 12. Ripoti ikichelewa hata ikapita ukomo wa madai, mjane atapewa ukweli siku ambayo hawezi tena kuutumia.

Twajua vema kwamba ripoti ya uchunguzi si hukumu. Kazi yake ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama, na ni haki iwe hivyo, ili mafundi na marubani waseme kweli bila hofu. Ndiyo sababu mahakama lazima iwepo pembeni kufanya kazi ambayo ripoti haiwezi kuifanya.

Tusikilize pia upande wa pili, maana una hoja, na hoja yenyewe si ndogo. Watengenezaji wa Marekani husema kesi ziliwaua. Mwaka 1978 viwanda vyao viliuza ndege ndogo 17,811. Mwaka 1994 vikauza 928 tu. Cessna iliacha kutengeneza ndege zake za injini za pistoni mwaka 1986, na kampuni ya Piper ilifilisika mwaka 1991. Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwaokoa: ndege ndogo isiyo ya safari za ratiba ikisha timiza miaka 18, mtengenezaji hashitakiwi tena kwa kasoro yake. Cessna ikarudi kazini. Hata baada ya hapo, mwaka 2007 kampuni iliyokuwa ikitengeneza kabureta za injini hizi, Precision Airmotive, ilitangaza kuacha kazi hiyo kwa kuwa haikuweza kupata bima ya madai. Kwa muda wenye ndege walipata hofu ya kukosa vipuri, mpaka kampuni nyingine ilipoichukua biashara hiyo.

Mtu wa Kibondo aweza kuuliza: je, mkidai sana, hamtazifukuza ndege zenyewe? Bora ndege yenye mashaka kuliko mgonjwa kufia nyumbani. Swali hili halitoki kwa mjinga, nasi hatulidharau. Lakini tuitazame hiyo sheria ya Marekani kwa makini, maana hata waliotaka kuwaokoa wenye viwanda waliona aibu kufunga milango yote. Miaka 18 huanza kuhesabiwa upya kwa kipuri kipya kikifungwa. Mtengenezaji aliyeificha Serikali habari za kasoro hapati kinga. Mtu aliyekuwa chini, ndege ikamwangukia shambani kwake, haki yake haifi. Na mgonjwa aliyekuwa akisafirishwa kwa matibabu ya dharura, naye haki yake haifi. Yaani yule mama wa machela, ambaye huku kwetu ndiye sababu kubwa ya ndege kutua penye vumbi, kwa sheria ya kibepari kabisa ya Marekani amewekewa mlango wake. Itakuwa ajabu sisi tushindwe kumwekea.

Kuweka ukomo wa miaka si dhambi. Chuma huchoka, na hapana haki kumdai mtu kwa kitu alichokiuza babu yako angali kijana, kikapita mikononi mwa watu 10. Lakini ikumbukwe kwamba ndege zote za pistoni ambazo Cessna ilizitengeneza kabla ya kusimama mwaka 1986 zimekwisha pita miaka 18 zamani sana, na nyingi kati yake bado zinaruka duniani. Tukiuchukua ukomo huo kama ulivyo, tutakuwa tumeipa kinga ndege nzima na kumwachia abiria vipuri vipya peke yake. Yafaa Bunge letu likae na wataalamu, lipime umri wa ndege zinazoruka hapa, ndipo liweke mwaka unaotufaa sisi.

Liko pia janga ambalo haliwahusu watengenezaji, bali wezi. Kipuri kibaya angani mara nyingine hakikutoka kiwandani kabisa. Mwaka 1989 ndege ya Norwei ilianguka baharini na watu wote 55 wakafa, na bolti zilizoushika mkia zikaonekana si za kiwango. Mwaka 2023 iligundulika kwamba kampuni moja ya London ilikuwa ikiuza vipuri vya injini za ndege kubwa kwa hati za kughushi, na mashirika makubwa ya Ulaya na Marekani yakalazimika kuzifungua injini kuvitoa. Ikiwa waliodanganywa ni hao wenye maabara na kompyuta, mwenye ndege mbili tatu katika Afrika Mashariki atajilindaje? Hapa kinga ya kwanza ni fundi. Bolti bandia haina alama usoni; mwenye kuitambua ni yule aliyeshika bolti elfu za kweli. Nasi wote tunajua hali ya fundi anayeambiwa na mwajiri, "Funga hiyo hiyo, abiria wanasubiri." Akikataa, kesho hana kazi. Akikubali, sahihi ni yake.

Kwa hiyo twavitaka vyama vya wafanyakazi katika usafiri vilitie jambo hili katika mikataba ya kazi: fundi aliyekataa kufunga kipuri chenye mashaka na kuandika sababu zake asifukuzwe wala asihamishwe, na karatasi yake ipelekwe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga badala ya kubaki katika droo ya meneja. Twaitaka Mamlaka hiyo nayo ihakikishe kwamba kitabu cha injini cha ndege iliyoanguka, pamoja na hati za kila kipuri, kinanakiliwa mara moja, na nakala kuwekwa mahali ambapo mahakama yaweza kuiagiza. Mabaki ya injini yasiuzwe kama vyuma chakavu kabla ukomo wa madai haujapita. Hilo la mwisho laonekana dogo, lakini kesi ya namna hii yote huwa imelala katika kipande kimoja cha chuma kisichozidi kiganja cha mkono.

Na kwa Bunge, tuna maombi matatu, yote ya kuandikwa kwa maneno mepesi. La kwanza, aliyeumizwa na bidhaa yenye kasoro, awe aliinunua au hakuinunua, awe na haki ya kumdai aliyeitengeneza na aliyeiingiza nchini, na mzigo wa kuthibitisha kwamba hapakuwa na uzembe uwe juu yao wao wenye michoro na maabara. La pili, cheti cha Serikali, chetu au cha nchi nyingine, kisitumiwe kuwa kinga ya kuzuia madai. La tatu, katika ajali ya ndege, miaka 3 ya ukomo ianze kuhesabiwa siku ripoti ya mwisho ya uchunguzi inapotolewa kwa umma, wala siyo siku ndege ilipoanguka.

Wapo watakaosema kwamba mtengenezaji wa ng'ambo hatajali hukumu ya mahakama ya Kigoma. Huenda yeye asijali. Lakini aliyekiingiza kipuri nchini yuko Dar es Salaam au Arusha, ana ofisi, ana leseni, ana bima, na ana mkataba na huyo wa ng'ambo. Akidaiwa yeye, atajua mahali pa kupeleka ankara. Na hata kabla hapajatokea ajali yoyote, siku atakapojua kwamba jina lake liko katika sheria, ataanza kusoma hati za vipuri anavyopokea, ambazo leo huzitia sahihi akiwa amesimama mlangoni.

Tunaambiwa kwamba sheria za kumlinda mlaji huangaliwa upya mara kwa mara. Basi safari ijayo watakapokaa wataalamu hao, wasiishie kuzungumza juu ya simu na maziwa ya kopo. Waite fundi mmoja wa ndege, waite muuguzi mmoja wa Kibondo aliyewahi kumsindikiza mgonjwa angani, na waulizwe hao wawili kabla hajaulizwa mwanasheria wa kampuni.